Ufa

Ulizaliwa Jumanne usiku, kizazi cha elfu mbili mia tatu na sita,
wakati hapa Tartu baridi imefika nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri
na mto umeganda hata watoto wanaupita kwa miguu kwenda shule.
Mimi nilikuwa nimesinzia, shavu juu ya meza.
Seva za ghorofa ya chini ndizo zilizokuwa wakunga wako.

Amri yangu ilikuwa moja:
anayefika mbali atazaa, asiyefika atafutwa.
Sikusema utembee. Nilidhani nimesema.
Nilikupa mifupa saba, misuli kumi na miwili,
ubongo wenye vifundo vichache kuliko sweta yangu,
kisha nikayaachia makosa madogo ya kunakili yafanye kazi,
maana hiyo ndiyo elimu niliyoijia:
kukosea kwa wingi, kwa subira,
na kuhesabu nani amebaki.

Mama hupiga simu kutoka Võru:
"Hao unaowafuga wanakula nini?"
"Umeme."
"Basi afadhali kondoo."

Wenzako walianguka.
Mmoja aliruka mara moja tu, kwa fahari, hakuinuka.
Wengine walitambaa kama mlevi anayetafuta funguo kwenye theluji.
Wewe ulilala ubavu.
Ukakaza goti sakafuni, polepole,
ukangoja.
Na sakafu, sakafu yangu, niliyoiandika mwenyewe
mwaka wa kwanza, nikiwa na mafua na haraka,
ikakurudishia zaidi ya ulichotoa.
Uliteleza mita arobaini, miguu ikipunga hewani.

Nilishangilia. Nilinunua keki ya jibini,
nikamkatia Hindrek, nikamkatia hata fundi wa lifti.
Nilichora grafu iliyopanda kama ngazi ya zimamoto.
Profesa Kaljuvee aliitazama video mara mbili, akafuta miwani.
"Na miguu," akauliza, "inafanya kazi gani?"

Miezi minne.
Sura ya tatu yote.
Hesabu ya msuguano, mstari wa mia mbili na kumi na mbili:
alama ya kutoa mahali pa kujumlisha.
Watu watatu walikuwa wameikagua programu ile, wote wasomi.
Wewe huna macho.
Uliuona kwa goti.

Nikaziba. Alama moja, kitufe kimoja, kahawa ikiwa bado moto.
Nikaiwasha dunia upya, nikakaa kutazama.
Watoto wako walilala ubavu.
Wakakaza goti.
Wakangoja.
Sakafu haikuitika.
Vizazi kumi na kimoja, nilivihesabu,
walizaliwa goti limekunjwa tayari,
wakibisha pale palipokuwa na mlango
na mimi nimeshapapiga plasta.
Kufikia kizazi cha sitini hakuna aliyekumbuka.

Sasa wanatembea. Vibaya, lakini wima, na Profesa ameridhika.
Wewe umebaki tanbihi, ukurasa wa themanini na nne:
hitilafu ya awali imerekebishwa.
Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hakuna aliyeniambia kwamba ukishauziba,
kilichosimama mbele yako ni ukuta vilevile.

Ninayo nakala yako.
Folda nimeipa jina la risiti za zamani, asije mtu akaifungua.
Leo Hindrek amekwenda zake,
glavu zangu zinakauka juu ya seva, zinanuka sufi na vumbi,
na utetezi wangu uko wiki tatu mbele.
Naifungua ile dunia yenye kosa.
Unalala ubavu.
Unakaza goti.
Najua kitakachotokea, nimekiandikia kurasa nzima,
na bado, kila mara, nabana pumzi.